Ndugu kwa Kidole

Kidawa hakwenda Landano kutafuta ndugu. Alifuata chumvi, kama wachuuzi wenzake waliosikia kwamba nyuma ya milima kuna uwanda mweupe ambako chumvi huchimbwa kwa jembe. Njia ya huko haina habari; ni mawe na vumbi, na ukifika umefika. Habari ilianzia langoni.

Hapo langoni alikuwapo afisa mmoja mwembamba, mpole wa sauti, ameketi nyuma ya kijimeza chenye mto wa hariri. Kidawa alitaja jina lake, akataja na mji atokao. Afisa alimsikiliza kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

"Jina ni nguo, bibi," akasema. "Mtu huivaa, mtu huivua. Tafadhali weka mkono hapa."

Kidawa akauweka. Afisa akaugeuza, akaifuata mistari ya kiganja, na alipofika kwenye kidole cha mwisho akasita. Kidole hicho kilikuwa kimepinda kuelekea mwenzake mfano wa mundu. Kidawa alizaliwa hivyo, mikono yote miwili. Utotoni walimtania sana kwa ajili yake, na tangu wakati huo alizoea kukificha ndani ya ngumi.

Afisa alisimama, akavua kofia. Machozi yalimlenga.

"Bibi, karibu nyumbani. Mama yako yu hai."

"Mama yangu yuko kwetu," Kidawa akajibu. "Anauza vitumbua."

Lakini afisa alikwisha kumtuma mtu mbio.

Jibu la Kidawa lilikuwa kweli, na lilikuwa na upande wa pili. Mama Tatu, muuza vitumbua, alimkuta alfajiri moja chini ya benchi lake la sokoni, amefungwa kwenye kipande cha kanga, analia kwa sauti ya kitoto kilichokwisha kukata tamaa. Akamwokota, akamlea, na wala hakumficha. Asingeweza kumficha hata angetaka: Mama Tatu alikuwa mfupi na wa mviringo, Kidawa akarefuka kama mpapai. Mama huyo alimpenda, naye alimpenda mama. Hata hivyo, kila walipokuja wageni sokoni, Kidawa alikuwa na mazoea ambayo hakumwambia mtu: alitazama mikono yao kabla ya kutazama nyuso.

Basi alipofikishwa kwenye nyumba ya mawe pembezoni mwa mji, na mwanamke mzee akatoka akifuta unga mikononi, Kidawa alitazama mikono. Vidole vya mwisho vilipinda kuelekea wenzao kama mundu. Ilikuwa mikono yake yeye, imezeeka tu.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, mwanangu," akasema yule mzee, ambaye ndiye Bi Zawena. "Umechelewa. Lakini umekuja."

Ili mambo yaeleweke, yafaa kueleza sheria ya nchi hiyo. Zamani, kabla ya babu za babu zao, mto uliokuwa ukipita katikati ya Landano ulifura ghafla ukabeba vijiji. Maji yalipokauka, watoto waliokotwa juu ya miti na juu ya mapaa, wengi wao hawajajua kusema. Nani wa nani? Ndipo wazee wa wakati huo wakawaketisha watoto upande mmoja na waliofiwa upande wa pili, wakalinganisha masikio, vidole vya miguu, na mizunguko ya nywele utosini. Mtoto mmoja mmoja akarudishwa kifuani kwa mtu. Hakuna aliyeuliza kama wamekosea, maana kila mtoto alipata wa kumlisha. Ilikuwa rehema. Baadaye rehema ikawa desturi, desturi ikawa sheria, na sheria ikajengewa ofisi. Sheria yenyewe ilikuwa maneno matatu tu: *Walandanao ni ndugu.*

Ofisi hiyo ilijaa Wapima, nao walikuwa na Waziri wa Masikio, na Katibu wa Visigino, na wengineo. Watu walipokutana njiani hawakuulizana hali. Mmoja alinyoosha kiganja akasema, "Umbo lako?" na mwingine akajibu, "Umbo letu." Tusi zito lilikuwa "Hufanani hata na kivuli chako." Mtu mmoja alihukumiwa kukaa matanga ya marehemu asiyemjua, kwa kuwa walikuwa na kidevu kimoja, akakaa, na inasemekana alilia kweli. Kina mama wa uwanda, wakiwakanda watoto wao wachanga, waliwavuta pua zielekee pua ya ukoo wa Waziri, na Wapima walistaajabu jinsi ukoo huo ulivyokuwa na uzazi. Huko milimani kulikuwa na beberu mwenye ndevu na macho ya Katibu wa Visigino hasa, na wanasheria walikuwa bado hawajakubaliana kama achinjwe au asalimiwe.

Asiyefanana na mtu alipelekwa Mtaa wa Wapweke, kule upepo unakomwaga vumbi la chumvi. Na hapo ndipo Bi Zawena alipokuwa akielekea. Kaka yake, wa mwisho mwenye kidole-mundu pamoja naye, alikuwa amefariki. Sheria ilimpa mfiwa muda hadi mvua ziishe. Akikosa wa kulandana naye, nyumba hupewa ukoo wenye watu. Maafisa walikwisha kuja kuvipima vyumba. Mvua zilikuwa zinakaribia kuisha Kidawa alipotokea langoni.

Kwa hiyo alipokelewa kama mtu aliyeleta dawa. Majirani walikuja kumshika kile kidole, kidole ambacho maisha yake yote alikificha, wakakibusu. Kidawa alinunua chumvi yake, akaipanga uani, na kila siku akasema kesho ataondoka. Hakuondoka. Bi Zawena alimfundisha kusuka nywele kwa namna ya nchi hiyo, akamsimulia habari za kaka, za mume, na za mtoto wake wa kike aliyefariki akiwa mchanga. Walipokaa kuchambua mchele, mikono minne ikiingia katika ungo mmoja, Kidawa aliitazama na kuhisi kama mtu aliyetembea miaka mingi na kijiwe katika kiatu, leo kimetoka. Alikuwa mtu mzima, mjane asiye na mtoto. Hakujua kwamba mtu mzima naye anaweza kupakatwa.

Jirani yao wa ukuta mmoja alikuwa msichana aitwaye Tunu, mchangamfu, mchimba chumvi kama wazazi wake. Alikuwa ameposwa na Kitwana, kijana wa machimbo ya upande wa pili wa uwanda. Siku ya harusi ilikwisha kutajwa. Asubuhi moja Kidawa alisikia ngoma, akadhani ndizo hizo za harusi zimewahi. Akatoka mbio na Bi Zawena nyuma yake.

Walikuwa Wapima, wamevaa mavazi ya sherehe. Mbele yao Tunu na Kitwana walisimama ubavu kwa ubavu, mikono imening'inia.

"Furahini!" akatangaza mkuu wa msafara. "Dole gumba la Tunu na dole gumba la Kitwana tumeyapima. Yote mapana, yote bapa, kucha zote fupi. Kifua na bega vile vile. Watoto wetu hawa walikuwa wanakaribia kuoana, kumbe ni kaka na dada! Mmepoteza harusi, mmepata damu. Damu ni nzito kuliko maji!"

Watu wakapiga vigelegele. Hawakuwa na ubaya. Walifurahi kwa dhati, na wanawake wazima wakamkumbatia Tunu wakimpongeza kwa kupata kaka. Tunu akawa anasema, "Ahsante, ahsante," huku machozi yanamtiririka, nao wakadhani ni ya furaha. Kitwana alimtazama Kidawa, mgeni pekee pale, kama mtu anayezama anavyomtazama aliye ukingoni.

Mchana huo Tunu aliruka ukuta.

"Dada Kidawa, huko kwenu mtu anamjuaje ndugu yake?"

"Tunaambiwa," Kidawa akasema, bila kufikiri. "Mtu huambiwa huyu ni mama yako, akamwamini."

"Bila kupimwa?"

"Bila. Mimi mama yangu hafanani nami popote."

Tunu alimtazama kwa huruma kwanza. Kisha huruma ikayapisha mawazo. "Popote kabisa?"

Ndipo Kidawa alipokumbuka, akatabasamu. "Kucheka tu. Watu husema tuna kicheko kimoja. Tukiwa ndani, aliye nje hajui nani amecheka. Na ninapotembea nalalia kushoto, maana yeye hubeba sinia begani kushoto, nami nilimfuata nyuma miaka yote ile. Kwetu husema, mwana hutazama kisogo cha nina."

"Na hakukuzaa."

"Hakunizaa."

Tunu akamshika mkono. "Basi kufanana kunaweza kuja bila kuzaliwa. Kesho Baraza la Umbo litasikiliza pingamizi letu; kaseme hivyo barazani, dada. Sheria inaruhusu shahidi mmoja asiye wa upande wowote. Ukisema wewe watasikiliza, kwa kuwa umetoka nje, na kidole chako wanakiheshimu."

Kidawa alikwisha kukaa Landano kiasi cha kujua yaliyobaki, ambayo Tunu kwa adabu hakuyataja. Mtu akisema hadharani kwamba kufanana kwaweza kuwapo bila uzazi, aliitwa mkana umbo, na umbo lake mwenyewe likafutwa. Angekoma kuwa mtoto wa Bi Zawena. Na Bi Zawena angebaki hana wa kulandana naye.

Hakutaka kufanya jambo hilo kwa kunyemelea. Jioni, jua lingali juu ya vilima, alimkuta mzee anapukuchua kunde.

"Mama, kesho nimeombwa kwenda barazani."

"Nimesikia. Kuta za hapa nyembamba."

"Ukinikataza..."

"Nakukataza." Bi Zawena hakuinua uso. "Nyumba hii niliolewa humu, nikazaa humu, nikazika humu. Tunu ni kijana. Atalia, atanyamaza, ataposwa tena. Mimi nikitolewa hapa, sina pengine pa kuhamia ila udongoni."

Kunde ziliendelea kudondoka katika ungo.

"Na wewe," akasema, sasa akimtazama. "Si uliniambia ulikuwa ukinitafuta tangu utotoni?"

"Nilikuwa nikikutafuta."

"Umenipata. Sasa unataka kwenda kuwauliza watu kama ni mimi?"

Kidawa alichukua konzi ya maganda akayapukuchua tena, ingawa yalikuwa matupu.

Baraza la Umbo lilikaa katika ukumbi mpana usio na paa, ili mwanga uonyeshe kila kitu. Kitini alikuwa Mpima Mkuu Chambira, mwanamume wa makamo, mwenye sifa ya kutokula siku ya kesi mpaka ameimaliza. Hakuwa mtu mkatili. Alianza kwa kueleza msimamo wa ofisi yake, na hata Kidawa aliona kwamba una akili.

"Wenzetu wa nje hutucheka," Chambira alisema. "Lakini tuliona nini kwanza? Tuliona watu wanazaa, na watoto wanafanana na wazazi. Hatukuota jambo hili. Mimi mwenyewe nimepasua bawa la popo, nikapasua mkono wa fuko. Mfupa mmoja, kisha miwili, kisha vijifupa, kisha vidole. Mpango ule ule wa mkono wangu huu. Popo anarukia, fuko anachimbia, mimi naandikia. Kwa nini kazi tatu zilizo mbali hivyo zitumie mpango mmoja, kama si urithi wa nyumba moja ya kale?"

Akasimama Mwalimu Ngwali, kiongozi wa watu walioitwa Wafinyanzi. Alikuwa bonge la mtu, mcheshi, na yeye na Chambira walikuwa wakibishana tangu ujana bila kukosana.

"Mheshimiwa, nyumbani kwako kuna vyungu vya mke wangu. Midomo yake yote imepindwa namna moja. Kuna cha maji, cha wali, cha dawa. Mbona hujasema chungu cha maji kimezaa cha dawa? Mkono mmoja ulivifinyanga, na mkono ule una mazoea yake. Mimi nikiona mpango mmoja, namwona Mfinyanzi mmoja."

"Chungu hakinyonyeshi, Ngwali," Chambira akajibu. "Ningekuwa nimewahi kuona vyungu vikizaana sebuleni, ningefikiri vingine. Watu na popo nimewaona wakizaa. Si ujinga kuanzia hapo."

"Kuanzia si ujinga. Ila kuanzia si kufika."

Ukumbi ukacheka, na Chambira naye akacheka kidogo. Tunu na Kitwana, waliotengwa huku na huku kama sheria inavyotaka kwa ndugu wapya, hawakucheka.

Shahidi akaitwa. Kidawa alipita katikati ya watu, akimwona Bi Zawena nyuma kabisa, amejifunga kanga nyeusi. Mpaka anafika mbele hakuwa ameamua. Alimtazama Tunu. Kisha akaweka mikono yote miwili mezani, wazi, vidole vikionekana.

"Mimi nina kufanana kwa namna mbili," alisema. "Nina kicheko na mwendo wa Mama Tatu, aliyenilea. Hivyo najua vilikotoka. Vilitoka kwake, na hakunizaa. Nilivichukua kwa kukaa naye, kama nguo inavyochukua harufu ya udi. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba kila kufanana ni kuzaliwa."

Minong'ono ikaanza. Mpima mmoja akasema kwa sauti, "Mkana umbo!"

"Mwacheni amalize," akasema Chambira.

"Cha pili ni kidole hiki. Hiki sikukichukua kwa Mama Tatu. Nilizaliwa nacho, na sijui nilizaliwa na nani. Bi Zawena anacho. Natamani kiwe kimetoka kwake au kwa watu wake. Natamani mno, kiasi kwamba msinitegemee mimi kuwaambia. Kwetu wanasema, akipenda, chongo huita kengeza. Kidole kinasema tunafanana. Hakisemi kwa nini. Na dole gumba la Tunu na la Kitwana nayo hayajasema kwa nini, ila ninyi mmeyasemea."

Chambira akauliza swali ambalo, kwa yote wazee wa pale waliyoyakumbuka, halikuwahi kuulizwa ukumbini humo.

"Basi tutajuaje?"

Alimgeukia Ngwali, na Ngwali, ambaye hakuzoea kuulizwa, alikuna kidevu. "Mimi na wewe tunatofautiana juu ya mwanzo wa ulimwengu, mheshimiwa. Hili la leo ni dogo. Tuanze na dole gumba. Jembe la chumvi linasukumwa kwa kidole gani?"

"Kwa dole gumba," akasema Chambira polepole.

Akaamuru waje mbele wachimbaji wote waliohamia kutoka milimani wakiwa watu wazima, ambao nyumba zao za asili zilijulikana na hazikuwa na uhusiano. Wakaja, wakaweka mikono mezani. Masikio yao yalikuwa ya kila namna, na pua za kila namna. Madole gumba yalikuwa mapana, bapa, yenye kucha fupi, yote. Na mabega yalikuwa ya mtu asukumaye jembe. Chambira aliyapitia moja moja, akarudi kitini uso umemsawijika.

"Hili si dole la ukoo," alisema. "Ni dole la chumvi. Nimelipima maisha yangu yote."

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, hakuishia hapo. Aliwaita Tunu na Kitwana, akatazama yale ambayo jembe halifiki: ndewe za masikio, mzunguko wa nywele utosini, kidole cha pili cha mguu, hata namna ulimi unavyokunjika. Hakuna hata kimoja kilichokubaliana na mwenzake.

"Ishara moja ni uvumi," akasema. "Zingekuja nyingi, kila moja kwa njia yake, zikakutana mahali pamoja, hapo ningesema. Hawa siwezi kusema ni ndugu."

"Unasema si ndugu?" akauliza Katibu wa Visigino.

"Nasema siwezi kusema ni ndugu. Waoane."

Safari hii vigelegele vilichelewa, maana watu hawakujua kama wanatakiwa kufurahi. Kitwana hakungoja ruhusa; alivuka ukumbi akamshika Tunu mabegani, nao wakasimama hivyo hivyo.

"Na hicho kidole-mundu?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Chambira akamwita Bi Zawena, naye akaja kwa hatua za mtu aliyekasirika. Akawatazama wote wawili kwa mwanga wa jua. "Hakuna kazi inayopinda kidole hiki," alisema, "wala hakisaidii kazi yoyote. Kisichokuwa na kazi hakikuletwa na kazi. Kwa hiyo kina uzito kuliko dole la chumvi. Nywele zinazunguka upande mmoja. Masikio hayakubaliani. Mguu haukubaliani." Akashusha pumzi. "Huenda."

Neno hilo halikuwamo katika sheria za Landano. Wanasheria walitazamana.

"Huenda ni ndugu," akarudia Chambira, "na huenda si ndugu, nami nasikitika. Lakini alichosema shahidi kimesemwa hadharani, na sheria ya mkana umbo itasimama mpaka Baraza Kuu liketi. Umbo lake limefutwa. Mimi nimesema yale yale, ila sheria haimgusi aliye kitini." Alisema maneno hayo ya mwisho kwa aibu, na jioni ile, watu walisema, hakula hata baada ya kesi.

Bi Zawena alihamishwa kabla ya wiki kwisha. Mtaa wa Wapweke ulikuwa na vibanda vya udongo vilivyoelemea upande upepo uendako, na wakazi wake walikuwa watu wa kawaida tu, mmoja mwenye macho ya kijani, mwingine mrefu kupita kiasi, wengine walioishi miaka mingi kuliko jamaa zao wote. Kidawa alibeba godoro kichwani, akarudi akabeba vyungu, akarudi akabeba kinu. Bi Zawena alitembea mbele bila kugeuka. Hakumwita mwanangu, wala hakumwita Kidawa. Hakumwita kabisa.

Siku zile zilikuwa ngumu. Kidawa alipika, mzee akala akitazama ukuta. Alikandika nyufa, akateka maji, akafagia vumbi la chumvi ambalo kesho yake lilirudi. Wachuuzi wa kwao waliposhuka kurudi, aliwapa mizigo yake yote wamfikishie Mama Tatu, na salamu kwamba yu mzima na amekawia kwa ajili ya mtu. Waliona ajabu. Mmoja wao alimwambia waziwazi, "Bibi mwenyewe hata hakutazami."

"Ana haki," akasema Kidawa.

Tunu na Kitwana walikuja baada ya harusi yao, wamebeba kuni na sahani ya pilau iliyofunikwa. Tunu alipiga magoti mbele ya Bi Zawena akaomba radhi, akashindwa kuimaliza kwa kulia. Mzee alimwacha alie. Kisha akamnyanyua, akamwambia, "Kaa ule. Pilau yako ina chumvi nyingi, na nchi nzima tunajua unaipata wapi." Kitwana akacheka kabla ya kujizuia, Tunu naye akacheka katikati ya machozi, na Kidawa, aliyekuwa mlangoni na ndoo, akaangua kile kicheko chake kikubwa cha muuza vitumbua. Bi Zawena alimgeukia upesi, kama aliyesikia mgeni ameingia nyumbani. Kisha akarudi kwenye sahani yake.

Afisa wa mtaa alipita siku ya pili yake. Ndiye yule yule mwembamba wa langoni, aliyeshushwa cheo kwa kuwa ndiye aliyempokea mkana umbo. Hakuwa na kinyongo. Alisimama nje ya kibanda, akatazama ndani, akaona magodoro mawili.

"Bi Zawena, samahani. Mtaa huu ni wa watu wasio na mtu. Huyu anayekaa nawe nimtaje kuwa ni nani wako?"

"Mtaje ni mwanangu."

Kidawa aliacha kusaga.

Afisa alipepesa macho. "Lakini, mama, umbo limefutwa. Kwa ushahidi gani?"

Bi Zawena alisogeza kigoda chake akakaa vizuri, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo amelifikiria sana.

"Nilimkataza, akaenda. Amenitoa katika nyumba yangu. Nimemnunia siku zote hizi, sikumpa hata shukrani ya maji. Na hajaondoka." Alimtazama afisa. "Wewe umepima watu wengi. Niambie, mgeni gani unamjua wa namna hiyo?"

Afisa alifikiri kwa uaminifu, maana ndivyo alivyokuwa. Kisha akavua kofia, akawaaga wote wawili, akaenda zake, asiulize tena.

"Na wewe," Bi Zawena akasema, bila kugeuka, "saga. Unga hautajisaga."